Jina Alilonipa Binti Yangu

Mimi nina mkono mwepesi. Usinitetee. Mama mkwe alinitetea kwa watu miaka yote, na haikusaidia kitu.

Binti yangu aliugua homa ya uti wa mgongo kabla hajatimiza miaka miwili. Alipona, ila masikio hayakurudi. Nilikuwa nikigonga sufuria nyuma yake pale jikoni kwetu, kijijini Keza, yeye anaendelea kuchezea maganda ya ndizi.

Hospitali ya mjini walituambia kuna kifaa cha kusaidia kusikia kinachopandikizwa kwa upasuaji, ni huko Dar es Salaam, tuandikishe jina tusubiri kuitwa. Nje kwenye benchi mama mmoja akanipa ushauri wa bure: usimzoeshe kuongea kwa mikono, mdomo utakuwa mvivu, hata wakimwekea hicho kifaa hatasema. Daktari hakuwa amesema hivyo. Wala sikurudi kumuuliza. Maneno ya benchi niliyashika kama amri ya Mungu.

Kumbe nyumbani mama mkwe alishaanza. Bibi yule Kiswahili chenyewe kilimpa taabu, lakini na mjukuu wake walielewana. Vidole viwili kichwani, ng'ombe. Kusugua viganja, maharage. Watu nao walipewa alama zao: baba mtu alikuwa kushika kidevu, kwa ajili ya ndevu, jirani yetu, bega moja kushuka, maana anachechemea. Walikuwa wakicheka mpaka machozi. Mimi nikiingia, mikono inajificha.

Inajificha kwa sababu nilikuwa naichapa. Akiinyoosha kuomba uji, namchapa mgongo wa mkono, pa! "Sema! Sema uji!" Anabaki kunitazama mdomo.

"Mwanangu," mama mkwe aliniambia siku moja, "unampiga mtoto ulimi."

Nikamjibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Tena nilimjibu kwa kiburi, Mungu anisamehe.

Tulipoitwa Dar es Salaam mtoto alikuwa na miaka sita, na bibi yake tulikuwa tumemzika masika yaliyotangulia. Daktari aliangalia picha za kichwa kwa muda mrefu. Akatueleza taratibu kwamba baada ya ule ugonjwa mfupa umeota ndani ya masikio yote mawili, hakuna tena pa kupitishia waya wa kile kifaa. Nikasema, jamani, na sisi tumemkataza mikono miaka yote hii! Akashangaa kweli.

"Nani aliwaambia mumkataze?"

Tukarudi Keza mimi na mwanangu, watu wawili tusio na neno la kuambiana. Ningemuuliza nani alama zake? Aliyezijua alikuwa kaburini.

Mwaka uliofuata tukampeleka shule ya bweni ya watoto viziwi, upande wa Biharamulo. Nilipokwenda kumtembelea mara ya kwanza nilibeba karanga za kukaanga na ndizi mbivu, pikipiki ikanirusha njia nzima mpaka Kasulo, nikapanda gari. Nilimkuta uwanjani katikati ya wenzake, mikono inakwenda mbio, anacheka kwa sauti. Mbele yangu hakuwahi kucheka vile.

Rafiki yake akaninyooshea kidole, akamuuliza. Binti yangu akajipiga mgongo wa mkono, pa, mara moja. Hakukasirika, wala hakuona haya. Yule rafiki akajipiga vilevile, akaja kunipigia goti. Na mwingine. Na mwingine. Kila aliyekuja kunisalimu alijichapa mkono kwanza.

"Anawaambia nini?" nikamuuliza mwalimu.

Mwalimu akatazama chini. "Anawatajia jina lako, mama. Hapa kila mtu huitwa kwa alama. Hiyo ndiyo aliyokuja nayo kutoka nyumbani."

Nililia mbele ya watoto wa watu. Nikainua mkono nimguse mwanangu shavu, naye, haraka, akaficha mikono yake mgongoni.