Namba ya Mabuti ya Mama Mita

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa wale wasiohusika lakini hawapendi kupitwa, kwamba miguu ya Mama Mita, wa kulia pamoja na mwenzake wa kushoto, iliyoitumikia idara ya maji kwa miaka ishirini na miwili bila cheti, bila kupigwa picha na bila kualikwa hata kikao kimoja chenye soda, iligoma rasmi siku ya Jumatatu asubuhi, mvua zikiwa zimepamba moto. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Mama Mita mwenyewe hakuwa na utulivu wowote. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, buti moja la mpira mkononi, akikipuliza kidole gumba cha mguu kama mtu anayepoza chai.

Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, na njia yake ilikuwa ile ya mlimani: nyumba mia moja na arobaini, mifuniko ya chuma mia moja na arobaini, na chura wasio na idadi. Unaufunua mfuniko kwa ndoano, unamwomba chura apishe, unafuta kioo kwa kitambaa, unaandika namba, unafunika, unapanda tena. Wenzake waliikimbia njia hiyo kama deni la kijiji kizima. Yeye aliipenda. Alimjua mbwa anayebwekea miamvuli tu. Alimjua mwalimu mstaafu aliyekuwa akimsahihishia mwandiko kwenye daftari la mita, na bwana wa nyumba ya tisini aliyemwambia kila mwezi, "Mama, mita yako inakimbia kuliko mimi," naye akamjibu kila mwezi, "Basi anza mazoezi, baba."

Sasa njia hiyo ilikuwa inamponyoka, na kisa ni mabuti.

Ukweli ni kwamba kisa kilianza zamani. Siku aliyoajiriwa, akiwa na miaka ishirini na mmoja, alipanga foleni stoo kuchukua sare. Mtunza stoo wa enzi hizo alikuwa na sauti ya kuuzia samaki. Kila mtu akitaja namba ya kiatu, yeye aliirudia kwa kelele mpaka wa barabarani wakasikia. Binti alikuwa amekulia kwa kaka wanne waliomwita "Pasi", kwa kuwa, walivyodai, miguu yake ilikuwa kama pasi mbili za mkaa. Zamu yake ilipofika, akavuta pumzi akasema, "Thelathini na saba." Mtunza stoo akairudia kwa kelele. Foleni ikasikia. Ikaandikwa kwenye fomu.

Na fomu za serikali, ndugu msomaji, haziandikwi, zinanakiliwa. Ya mwaka huu ilinakiliwa kutoka ya mwaka jana, na ya mwaka jana kutoka ya mwaka juzi. Idara ilibadilishwa jina mara tatu, sare ikahama kutoka bluu kwenda kijani, wakuu sita wakaja na kuondoka na mafaili yao kwapani. Mama Mita akazaa watoto watatu na miguu yake ikajitanua kwa raha zake. Thelathini na saba haikutikisika.

Miaka yote hiyo aliponea kwa sababu mabuti ya zamani yalikuwa na huruma. Yalikuwa mapana, mpira wake laini, na ukiichana bitana ya ndani kwa wembe, vidole vinapata pa kuhemea. Mwaka huu idara ikaleta mzigo mpya: mabuti magumu kama beseni, yenye pua nyembamba kama ya mtu anayenusa kosa. Wiki ya tatu, Mama Mita alikuwa amepoteza kucha mbili na anamaliza njia yake saa tisa badala ya saa sita.

Habari zikamfikia mkuu wa kitengo. Huyu aliitwa Bwana Waraka, kwa sababu hata akitaka dirisha lifunguliwe huandika waraka. Akaandika. Kila msoma mita angeitembea njia yake pamoja na mkuu, siku iliyopangwa. Atakayevuka saa sita mchana kabla ya mita ya mwisho angehamishiwa chumba cha mafaili. Siku ya Mama Mita ilikuwa Ijumaa.

Chumba cha mafaili hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na feni iliyozunguka ikijisikia, na karani mmoja aliyeingizwa humo miaka minne iliyopita kupanga majina ya wateja kwa alfabeti. Alikuwa amefika herufi K.

"Wakinifungia mle nitakufa," Mama Mita alisema jioni ya Jumatatu hiyo nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. "Nitakufa, na watanipanga kwenye faili."

"Wifi, hiyo ni sukari," akasema dada wa mumewe, ambaye hakuwa daktari lakini alikaa jirani na zahanati.

"Nimepima. Sukari hakuna."

"Basi gauti."

"Nimepima."

"Basi ni umri, wifi yangu. Huo haupimwi, unaonekana."

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa pale pale sebuleni karibu na mlango. Mabishano yakianza, alikuwa na desturi ya kuweka pini tano mdomoni na kuonekana ana kazi nyingi. Alishona mpaka dada yake alipoondoka. Ndipo akazitema pini kiganjani, moja moja.

"Keshokutwa jioni twende dukani ukanunue mabuti yako mwenyewe."

"Kwa nini jioni?"

"Mguu wa asubuhi ni mwongo. Ni kama mtu anayekuja kupimwa suruali kabla hajala."

Jumatano jioni wakaenda. Duka lilikuwa refu na jembamba, mabuti yakining'inia darini jozi kwa jozi kama popo. Mwenye duka, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, akawapokea kwa mikono miwili.

"Karibu mama, karibu baba! Mabuti haya ukivaa leo, utarithisha wajukuu. Namba ngapi, mama?"

"Thelathini na nane," akasema Mama Mita, na akajiona amejishusha sana.

Mwenye duka akaitazama miguu yake. Akamtazama usoni. Akatazama dari, kana kwamba jibu lingedondoka huko.

"Mama, mimi biashara hii…"

Fundi akakohoa. Mwenye duka akameza maneno yake na kuleta jozi ya thelathini na nane, yenye maua ya njano kuzunguka shingo. Mguu uliingia nusu, ukakwama. Haukwenda mbele wala haukurudi nyuma. Mwenye duka akashika buti, fundi akamshika mkewe kwapani, wakavutana, na lilipochomoka lilitoa mlio uliomfanya mteja mmoja mlangoni aone ni heri aje siku nyingine.

"Bwana mkubwa," fundi akamwambia mwenye duka, "hebu tutafutie kule nyuma yasiyo na maua."

Mwenye duka alipoingia nyuma ya rafu, fundi akatoa mfukoni karatasi ya kaki, akaitandika sakafuni, akatoa na chaki ya kushonea. Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni kama kawaida. Mtu yule hata msibani alikwenda nayo.

"Simama hapo juu."

"Unataka kunipima mguu? Hapa? Mbele za watu?"

"Watu gani? Tuko sisi na mabuti."

"Miaka yote hiyo hujawahi kunipima mguu."

"Hujawahi kuniletea kitambaa."

Akapiga magoti. Mama Mita akasimama juu ya karatasi, na ghafla akawa tena yule binti wa foleni, kaka wanne nyuma yake wakisubiri kucheka. Chaki ikaanza kuzunguka kisigino.

"Usikunje vidole," fundi akasema bila kuinua kichwa. "Nikipima hivyo utavaa kiatu cha ngedere."

Akavikunjua. Chaki ikazunguka vidole taratibu, kimoja baada ya kingine, ikashuka ubavuni, ikarudi ilikotoka. Kisha mguu wa pili. Kisha tepu.

"Ngapi?" Mama Mita akauliza, kwa sauti ya mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Fundi akatazama kushoto na kulia, akasimama, akamnong'oneza sikioni: "Wa kulia ishirini na sita. Wa kushoto ishirini na sita na nusu. Sentimita. Na vipimo vya mteja havitoki nje ya duka langu."

"Ulikuwa unajua?"

"Mama watoto, nyumba ile nani anapiga deki? Nyayo zako nazifuta mimi. Na ndala zako visigino vinachungulia nje kama vimekaa barazani. Tangu mwaka wa kwanza najua."

"Na hukusema!"

"Nilikuwa na pini mdomoni."

"Arobaini na moja," sauti ya mwenye duka ikasikika kutoka nyuma ya rafu. Hakuna aliyemuuliza. "Nilijua ulipokanyaga kizingiti, mama. Usiwe na wasiwasi, juzi alikuja hapa hakimu mwanamke, arobaini na mbili, akaondoka anapiga mluzi."

Mama Mita hakujua acheke au atoke mbio. Akacheka, kwa kuwa viatu vya kukimbilia hakuwa navyo mguuni.

Kazi ya kuchagua ikaanza upya, na sasa kwenye mstari wa mabuti ya wanaume, maana ya wanawake yalikomea thelathini na tisa, kana kwamba kuanzia hapo mwanamke hatembei. Fundi aliyakagua kama anavyokagua kitambaa cha harusi. Akaingiza mkono ndani kupapasa bitana isiwe na mshono unaochoma. Akalikunja la kwanza shingoni; mpira ukatoa mistari myeupe, akalirudisha. "Hili litapasuka kabla ya mvua kuisha." La pili halikutoa mistari, lakini shingo yake ililikaba shavu la mguu wa Mama Mita kama mgambo. La tatu lilikuwa jeusi tii, halina ua wala pambo, zito kidogo, soli yake ina meno marefu kama tairi la trekta, na paliposhikana soli na mpira pamezibwa vizuri pande zote.

"Lete beseni la maji," akasema fundi.

"Baba, hapa ni dukani, si bafuni!"

"Na gazeti la kutia ndani. Likitoka kavu, tunalipia."

Buti likasimamishwa ndani ya beseni, gazeti tumboni, watu wazima watatu wakilizunguka kimya kama linasubiriwa kutamka neno. Gazeti likatoka kavu. Mama Mita akavaa soksi zake nene alizokuja nazo, akatia miguu. Fundi akajaribu kupitisha kidole kimoja nyuma ya kisigino; kikapita. Cha pili kikakataa. "Safi. Sasa panda ngazi."

Duka lilikuwa na ngazi tatu za kutokea barabarani. Akapanda, akashuka. Akapanda, akashuka. Mara ya kwanza alitembea kwa hadhari, akisubiri maumivu yafike, maana yalikuwa hayajawahi kuchelewa. Hayakuja. Mara ya sita akaacha kuyasubiri. Ndani ya mpira ule vidole vyake kumi vilikuwa vimejinyoosha kama wageni ambao, baada ya kulala chumba kimoja usiku kucha, kila mmoja amepewa chake.

Mara ya kumi akakaa kwenye ngazi, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Yanauma?" fundi akauliza, rangi imemtoka.

"Hayaumi," akasema. "Hayaumi kabisa, baba watoto. Kumbe sikuwa mgonjwa."

Alhamisi aliyavaa nyumbani kuyazoea. Alipika nayo, akafua nayo. Wifi alipokuja na jina la ugonjwa mpya, akamkuta anafagia ua ndani ya mabuti huku anaimba, akaondoka nalo jina lake.

Ijumaa saa mbili asubuhi Bwana Waraka akafika chini ya mlima, saa mkononi, kalamu sikioni, na miguuni mabuti mapya ya idara, yale yale ya pua nyembamba, kwa kuwa katika waraka mwingine alikuwa ameyasifia kwa aya mbili. Namba alikuwa ameandikiwa na katibu wake, kwa kukisia.

Walianza sambamba. Nyumba ya thelathini walikuwa bado wanaongea. Nyumba ya sitini mkuu akaanza kusimama mara kwa mara kusifia mandhari, ambayo ilikuwa ukuta. Nyumba ya tisini bwana wa mita inayokimbia akachungulia getini: "Mama! Leo unaikimbiza mwenyewe!" Nyumba ya mia na kumi, mkuu hakuonekana tena nyuma.

Mama Mita akasoma mita ya mwisho saa tano na dakika ishirini. Akafunika mfuniko juu ya chura, akakaa juu yake, akasubiri. Mkuu akatokea kwenye kona saa sita kasorobo, akitembea kama mtu aliyeambiwa sakafu imetandikwa mayai. Akasaini fomu akiwa ameegemea ukuta. *Abaki kwenye njia yake.* Mama Mita alilisoma neno hilo mara mbili. Herufi L ingemsubiri mtu mwingine.

Mchana huo Bwana Waraka akawakusanya wafanyakazi wote uani. Alikuwa amevaa ndala, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Ndugu wafanyakazi! Mnamwona mama huyu? Jumatatu alikuwa anachechemea. Leo ameupanda mlima kama swala! Nini kimemwinua? Ni nidhamu? Ni kujitolea kwa ajili ya umma? Au ni," na hapa akagusa tai yake, "uongozi unaojali? Mama, tusaidie. Waambie wenzako siri yako."

Mtunza stoo wa sasa alikuwa mstari wa mbele, fomu za sare za mwaka ujao mkononi, tayari kunakili.

"Navaa arobaini na moja," akasema Mama Mita. "Nilikuwa nikiandikisha thelathini na saba."