Askari wa Welisi na Mkuki wa Baba

Nilikuwa nimekwama baharini pamoja na watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Walikuwa askari wa mikuki kutoka Welisi, nchi ndogo ya milima iliyoegemea ubavu wa Uingereza. Mfalme wa Uingereza aliwashinda, akawaangamiza wakuu wao, kisha akawaajiri. Akawapa mikate na ujira, akawapakia kwenye meli za wafanyabiashara wa mvinyo, akawavusha kwenda kupigana vita vyake ng'ambo. Nilikuwa naandika riwaya juu yao katika chumba changu cha kupanga Miembeni, mjini Bukoba, na nilipofika sura ya kuvuka bahari nikashindwa kuendelea.

Kilichonishinda kilikuwa kitu kidogo. Mkuki mrefu kuliko mwenye nao unawekwa wapi melini, wakati magoti ya huyu yanasukuma mgongo wa yule? Vitabu vilinieleza farasi walivyosimamishwa ndani ya vizimba vya mbao, na mapipa ya maji yalivyopangwa. Juu ya mkuki, kimya. Na nahodha Mwingereza alipataje usingizi, nyuma yake kukiwa na mikuki ya watu ambao jana tu nyumba zao zilichomwa na wenzake?

Nyumbani kwetu Ijumbi, wilayani Muleba, kulikuwa na mkuki. Ulikuwa wa baba, umesimama kwenye kona ya sebule karibu na picha ya Bikira Maria. Baba alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na ukoo ulikuwa haujakaa kumtaja mrithi. Nilijua, kama anavyojua kila mtoto wa Kihaya, kwamba siku hiyo mrithi huketishwa kwenye kiti cha marehemu na kukabidhiwa mkuki wake mbele ya watu. Nilijua vizuri. Lakini kichwani mwangu mkuki ule ulikuwa umeshahamia Welisi. Asubuhi moja nilikwenda Ijumbi, na mama akiwa misani nikauviringisha kwenye gunia, nikapanda bodaboda hadi mwaloni, pale mitumbwi ya wachuuzi wa dagaa inapopakia kwenda visiwani.

"Hicho ni nini?" nahodha wa mtumbwi aliniuliza.

"Mkuki."

Abiria wote ndani ya mtumbwi wakanigeukia.

"Kisiwani kuna vita na hatujaambiwa?" akauliza mama mmoja mchuuzi. Wakacheka, ila hakuna aliyesogea kunipa nafasi.

"Kama umemfuata mke wako, sema tukushushe hapa hapa," akasema mwingine.

"Mke gani? Hiyo ni doria ya uvuvi haramu. Siku hizi wanakuja kwa kila sura."

"Mimi ni mwandishi," nikasema. "Nataka kujua mkuki unakaaje chomboni."

"Na mimi ni askofu," nahodha akajibu.

Akaninyang'anya mkuki, akaulaza chini kabisa, kwenye sakafu ya mtumbwi, akawaambia watu wakanyage. Miguu yote ikakaa juu ya mti ule ambao baba yangu aliupaka mafuta kwa mikono yake. "Haya," akasema, "ukitaka kumchoma mtu, omba ruhusa kwa kila mguu."

Tulipofika katikati ya maji nilijaribu kuugusa kwa vidole vya mguu. Yule mama akaukandamiza zaidi, bila kunitazama. Hapo ndipo sura yangu ilipofunguka. Wawelisi walilazimishwa kukanyaga mikuki yao wenyewe, nikaamua, na kila mmoja alikuwa mlinzi wa mwenzake bila kuapishwa. Nilirudi na mtumbwi ule ule mchana, nimelowa, nina furaha ya kijinga.

Nyumbani, sebuleni, walikuwa wananingoja. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameacha duka lake Bukoba, na pembeni yake aliketi baba mdogo. Jirani alikuwa ameiona ncha ya mkuki ikichungulia nje ya gunia, akapiga simu.

"Umekwenda kumwonyesha nani?" kaka aliuliza.

"Sikumwonyesha mtu. Nimevuka nao ziwa tu."

"Umeuvusha ziwa! Kwa mganga wa wapi?"

Nikawaeleza habari za Wawelisi, za mfalme na meli za mvinyo. Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya fimbo yake.

"Hao Wazungu wa mikuki," akasema, "wanahusikaje na kibanja na migomba ya kaka yangu?"

"Hawahusiki, baba mdogo."

"Basi kwa nini uwe mkuki huu? Wahunzi wamekwisha Muleba nzima?"

Nilianza kujishuku mimi mwenyewe. Labda kweli nilitaka kuhisi uzito wake kabla hajaupata mwingine.

Kaka akanyoosha mkono nimpe mkuki. Kama ningempa, ningekuwa nimemsimika kabla ya ukoo. Kama ningeurudisha konani, ningekuwa nimetangaza kwamba nina haki ya kuutoa na kuuingiza. Zamani, mgeni aliyefika na mkuki aliuchomeka nje ya mlango, ndipo akaingia. Nikatoka uani, nikauchomeka ardhini, nikaingia mikono mitupu.

Baba mdogo akamtazama kaka. Mabega ya kaka yakashuka.

"Kaa, waitu," baba mdogo akaniambia, kwa neno letu la heshima.

Mama akatoka jikoni na kahawa ya kutafuna, ile wanayoandaliwa wageni. Akaanza na mimi. Katika nyumba ile hakuwahi kuanza na mimi. Nilichukua punje mbili nikatafuna, na sikuweza kumtazama usoni.

"Unalala?" kaka akauliza, kwa upole mpya kabisa.

"Narudi Bukoba."

"Basi uwahi gari."

Akanisindikiza katikati ya migomba hadi mwisho wa kibanja, na tulipopita uani alihakikisha anatembea upande wa mkuki.