Siku Niliyopiga Hodi Bwawani

Najua habari yangu mmeshaisikia, maana katika mji wetu huu wa Masasi, ukipiga chafya kule Mkomaindo unapewa pole sokoni kabla hujafika, lakini mmeisikia vibaya. Mmeambiwa kuna mke wa mtu alipandwa na mashetani akakimbia mchana kweupe na dumu mgongoni akidhani ni mtoto. Uongo mtupu. Nilijua kabisa kwamba ni dumu. Aibu yangu inanitosha bila kuongezewa chumvi, kwa hiyo leo kaeni niwasimulie mwenyewe, mcheke mnavyotaka, ila tukifika kule mwisho nitawaomba mnyamaze kidogo.

Chanzo ni mwanangu Faraja, yupo darasa la sita. Mvua za kwanza za msimu huu rafiki yake aitwaye Sikujua, waliyekuwa wanakaa dawati moja, alikwenda na wenzake kwenye shimo la kifusi lililoachwa na watengeneza barabara, lilikuwa limejaa maji, wakaingia kuoga, wenzake wakatoka na yeye hakutoka. Faraja hakulia msibani. Alikuwa ananiuliza swali moja tu, nikimsuka ananiuliza, nikikuna nazi ananiuliza: "Mama, kuogelea kunafundishwa wapi?"

Ningemjibu nini? Mimi ni mtu wa Kitangari. Kule kwetu juu mlimani maji tumeyajua kichwani, hatujayajua shingoni. Tumekua tunashuka mtelemko na ndoo na kupanda nayo, na mwenye uwezo kidogo alijichimbia tangi la saruji chini ya ardhi, pale uani, la kukinga mvua ya bati, na ole wako mtoto uonekane umechovya kidole. Kwamba kuna watu wanaingia wazima wazima kwenye maji masafi na kujirusharusha humo kwa starehe, mimi niliyasikia ukubwani na sikuyaamini.

Basi nikamvalisha Faraja gauni la kanisani, nikampeleka kwenye ile hoteli mpya ya njia ya Newala, yenye bwawa la maji ya bluu. Mlinzi wa getini, kijana mwenye adabu zake, akasema, "Shikamoo mama. Mgeni wa chumba gani?"

"Marahaba. Sisi si wageni, nimemleta mtoto afundishwe kuogelea."

"Bwawa ni la wageni tu, mama."

"Na wenyeji?"

Akatazama chini. "Wenyeji sijui, mama. Mimi mwenyewe nalilinda tu, sijawahi kuingia."

Kwenye nondo za geti Faraja alikuwa amebandika uso, anamtazama mtoto mdogo kuliko yeye anapigapiga miguu kule ndani. Nilimvuta mkono mara mbili ndipo akaja.

Sasa ndipo akili ikanijia (ni afadhali isingekuja). Nje kidogo ya mji kuna bwawa la zamani. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Lulindi, anasema lilichimbwa kwa ajili ya wakubwa wa kampuni fulani, sisi weusi kazi yetu kulifagia, baadaye likawa la watu wote, Jumamosi watoto wa shule wanapanga foleni na kanga mabegani, na yeye mwenyewe aliogelea pale, bibi yule mnayemwona anatembelea fimbo! Kisha pampu ikafa, wakasubiri kipuri, wakasubiri, hata waliokuwa wanasubiri wakaacha. Siku hizi upande wa kina kifupi watu wanaanika korosho, upande wa kina kirefu yanabaki maji ya mvua, ya kijani, mazito, na hakuna anayependa kupita pale peke yake, wanasema pana wenyewe. Mimi nikajisemea, hayo ni maneno ya watu wavivu. Nitakwenda nijifunze mimi kwanza, kisha nimfundishe mwanangu. Uamuzi mdogo tu, jamani, wa mama yeyote.

Nikachagua siku ya mnada wa korosho, ili mji mzima uwe kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, na nikachagua saa ya jua la utosini, ili hata mbuzi wawe wamelala. Nikavaa bukta ya Baba Faraja, ile ya bluu yenye mstari mweupe anayochezea mpira wa maveterani, na fulana ya kampeni. Na kwa kuwa sikuwa mjinga (nilidhani), nikachukua dumu tupu la lita ishirini, nikalifunga kizibo sawasawa, nikalibeba mgongoni kwa kanga kama anavyobebwa mtoto, maana kitu chenye hewa kinaelea, hilo hata mimi wa Kitangari nalijua. Juu ya vyote nikajitanda kitenge nikatoka.

Nilipofika pale, kitu cha kwanza kilichonitisha ni ukimya. Jua linawaka, mikorosho imezunguka, hakuna ndege anayelia. Vyumba vya kubadilishia nguo milango imeng'oka, ndani giza. Ukutani mwa bwawa bado kuna namba za kina, zimechorwa kwa rangi nyekundu, zinashuka zinashuka mpaka zinaingia majini, na ngazi ya chuma nayo inashuka inaingia majini, mtu hajui inaishia wapi. Maji hayakutikisika hata kidogo. Nikaona uso wangu humo, na dumu linachungulia begani, na kwa kweli, nisiwafiche, lilifanana na kichwa cha mtu.

Nikavua kitenge. Na hapo, kwa mazoea tu, nikapiga hodi.

Msicheke, niwaeleze. Kwetu Kitangari hutupi ndoo tangini kabla ya kupiga hodi. Huenda kuna mtu ameshuka kule chini anazoa tope, ukitupa ndoo kimya kimya utampasua kichwa. Kwa hiyo unainama, unaita, "Hodi humo!" Asipojibu mtu, unateka. Nimefanya hivyo tangu nina akili, mbele ya maji yaliyosimama ulimi unakwenda wenyewe. Kwa hiyo nikainama juu ya lile bwawa nikaita, "Hodi humo!"

"Karibu," maji yakanijibu.

Sauti nzito ya mzee, inatoka pale pale juu ya maji, ina mwangwi. Nikarudi nyuma hatua moja. Lakini malezi ni malezi, mkubwa akikukaribisha huwezi kuondoka bila salamu, nikajikuta nasema, "Shikamoo."

"Marahaba."

Nikangoja. Natazama maji, maji yananitazama. Povu moja dogo likapanda katikati likapasuka. Halafu nikasikia sauti tena, safari hii nyembamba, ya karibu, kama mtu amesimama kwenye ngazi:

"Mama Faraja, mtoto umemwacha wapi?"

Sikumbuki nilivyogeuka. Nakumbuka kandambili moja ilibaki, nakumbuka kitenge kilibaki, na dumu linanigonga mgongoni du, du, du, na mimi nadhani ni mwenye ile sauti ananifuata, kwa hiyo kila nikiongeza mbio naye anaongeza. Njia ya nyumbani ilikuwa kushoto. Mimi nikashika kulia, nikatokea moja kwa moja kwenye uwanja wa ghala, katikati ya mnada, karani ameshika spika anawauliza wakulima kama wanaikubali bei, mikono ndiyo kwanza inaanza kupanda juu.

"Bwawani kuna mtu!" nikapiga yowe. "Kuna mtu ndani ya maji!"

Mikono yote ikabaki hewani. Mume wangu alikuwa mstari wa mbele, na baadaye aliniambia aliitambua bukta kabla hajanitambua mimi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwe! Mama Faraja?" Nikaona anatamani ardhi immeze, amevaa shati lake jeupe, na wenzake wa korosho wote wanatazama mapaja ya mke wake. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Huyo mtoto mgongoni mzima?" Nami, badala ya kunyamaza, nikajibu, "Hili ni dumu la kuogelea," na hapo hata walionionea huruma wakaacha.

Lakini neno "kuna mtu ndani ya maji" lilikuwa limeshawaingia, maana msiba wa Sikujua ulikuwa bado mbichi. Mnada ukavunjika. Wanaume wakakimbia, wanawake wakafuata, shule nayo ilikuwa imetoa watoto wa kwenda kula, wakaunga mkia. Tukalizunguka bwawa pande zote, mabega yanagusana.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu kuliko ile sauti. Umati ule wote ulisimama. Hakuna aliyevua hata kiatu. "Ingia wewe," huyu anamwambia yule. "Mimi? Mimi mtu wa Newala, nitaogelea nimejifunzia wapi?" Mwingine akatupa kamba katikati ya maji, kamba ikalala juu, hakuna wa kuishika. Mwenyekiti wa mtaa akapiga simu kule hotelini, akajibiwa kwamba kijana wao wa kuangalia bwawa, anayejua kuogelea, hawezi kuwaacha wageni. Tukabaki tunatazama yale maji ya kijani, watu wazima, wabeba magunia, wenye vifua vipana, kama vile tumeshamzika huyo mtu na tunangoja tu sala.

Ndipo kikafunguka kimlango cha chini, ubavuni mwa bwawa, akatoka mzee mmoja mlinzi wa magunia ya korosho, anafikicha macho, reki ya kuanikia mkononi. "Jamani, kuna nini?"

Kumbe pale chini ndipo chumba cha pampu, kuna ubaridi, hulala humo mchana, na bomba kuu la zamani linatokea ukutani juu kidogo ya maji. "Nimesikia mama anapiga hodi," akasema, "nikamkaribisha. Akaniamkia, nikaitikia. Halafu akakimbia. Nimemkosea nini?"

Lo! Walivyocheka. Watu walishikana mabega, karani alikaa chini, mtu akaigiza kukimbia na dumu, na mume wangu akafunika uso kwa kofia. Nilitamani maji yanimeze kweli. Nikasema, ili kujitetea tu, "Lakini mzee, mbona ukaniuliza mtoto nimemwacha wapi? Mbona ukalitaja jina la Faraja?"

Mzee akanitazama. "Mimi? Sikuuliza kitu, mama. Wewe nakuona leo, huyo Faraja nitamjulia wapi?"

Kicheko kikapungua, kikafa upande mmoja, kikafa upande wa pili. Na katika ule ukimya nikakumbuka kwamba watoto wa shule wamekuja. Nikageuka kumtafuta wangu.

Alikuwa ameshashuka. Alikuwa kwenye ule mteremko ambapo kina kifupi kinaishia, pana utelezi wa kijani, amesimama kwenye maji ya magoti, sare ya shule imelowa pindo, anatazama mbele yake kana kwamba anaonyeshwa kitu. Nikaita, "Faraja!" Hakugeuka. Akapiga hatua moja, miguu ikateleza, akazama mpaka kifuani, mpaka kidevuni.

Nilipiga kelele na mji wote ukapiga kelele na hakuna aliyeingia. Nami nawaambia ukweli, dumu liko mgongoni mwangu, na miguu yangu ilikataa. Baba yake alifika ukingoni akasimama, mikono imenyooka mbele, anaita jina lake tu. Ni yule mzee aliyejitupa kifudifudi kwenye saruji akanyoosha reki, mti wa reki ukamgonga mtoto mkononi, akaushika. Wakamvuta.

Nilimfunga kwa kanga ileile, dumu nikalitupa. Alikuwa anatetemeka, hakulia. Nikamuuliza, "Kwa nini umeingia, mwanangu? Kwa nini?"

"Nilikaribishwa," akasema.

Nikamtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa, akaanza kukusanya korosho zake haraka haraka, na watu wakaondoka wawili wawili, hakuna aliyerudi kwenye mnada.

Jioni mume wangu hakuniuliza habari za bukta. Alikaa upande wa pili wa mkeka na uji haujaguswa, na Faraja akamuuliza, bila hasira, kama anavyouliza hesabu: "Baba, kama mzee hangekuwa na reki, ungeingia?"

Baba Faraja ni mtu wa kujisifu kidogo, mnamjua. Nilidhani atasema ndiyo. Badala yake akasema, "Ningesimama palepale, mwanangu." Kisha akatoka nje, na nilimsikia analia kule nyuma ya jiko.

Basi nimeapa. Hodi nitapiga kwenye milango ya watu, majini kamwe, na lile bwawa limezungushiwa miiba, sipiti hata njia yake. Lakini kila Jumamosi sisi watatu tunavaa nguo za kanisani tunakwenda kusimama kwenye geti la ile hoteli, tunamwambia yule kijana mlinzi tumeleta mtoto afundishwe, naye anatuambia kwa adabu kwamba bwawa ni la wageni. Jumamosi iliyopita wazazi wengine wa mtaa walikuja na watoto wao, tukajaa mpaka barabarani, na meneja akachungulia dirishani akarudi ndani. Geti halijafunguliwa, Faraja bado hajui kuogelea, na mvua kubwa ndiyo kwanza zinaanza.