Shikamoo za Bibi

Hakuna aliyewahi kumwona mtunza farasi wa mji wa Wheaton akikimbia. Kila asubuhi ya baridi hubana lijamu kwapani mpaka chuma kipate joto, kisiwaumize farasi midomo, kisha humwendea taratibu jike kikongwe wa banda la mwisho. "Shikamoo, Bibi." Februari ile ya 2003, Bibi alikuwa amesusa chakula wiki nzima, na daktari ameshaanza kutikisa kichwa. Kumbe alikuwa akisubiri theluji! Ilipojaa uwanjani hadi magotini, mtunza farasi akamfungulia mlango. Bibi akanusa, akapiga chafya, akatoka shoti mkia juu, akajigaragaza, akainuka mweupe pe, akatimka tena. Mtunza farasi akatupa beleshi akamfuata mbio, akianguka na kuinuka, machozi ya kicheko yakimtoka. "We mtoto, we! Nirudishie shikamoo zangu zote!"