Shangazi Alivyoendesha Gari Lililosimama

Shangazi yangu alikuwa mkunga, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Mkunga, kana kwamba kustaafu ni uvumi tu. Gari lake ni steshenwagoni jeupe lililonizidi umri na heshima. Nusu ya vijana wa mtaani walipelekwa hospitali ndani ya gari hilo wakiwa bado tumboni, na wengine hawakuwa na subira ya kufika. Walizaliwa kiti cha nyuma, na mpaka leo wakipita karibu na ua wake hulitazama gari kama mtu anayetazama kwao.

Mwaka huu usukani ulianza kuwa mzito. Kila akikata kona, gari liliguna kama mzee aliyeamshwa mapema, naye Shangazi aliuma meno. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vinauma tangu msimu wa baridi. Mwanawe mkubwa alipopanda naye siku moja akamwona anauvuta ule usukani kwa mikono miwili kama anayeteka maji kisimani, alikata shauri papo hapo. Huyu binamu yangu tunamwita Mkaguzi. Kazi yake ni kuuza bima, nayo imemfanya aone ajali hata ndani ya kikombe cha chai.

"Mama, mikono imechoka," alisema. "Jumapili nakuja kulichukua gari. Ukitaka kwenda popote, unanipigia tu."

Shangazi hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumtoa daktari nje ya chumba cha kujifungulia kwa kosa la kupiga miluzi. Bado huenda kuwaangalia wazazi wapya upande wa pili wa mji, kule ambako hakuna gari lingine linalofika bila kulalamika. Sasa alikuwa amekaa, ameiweka mikono juu ya meza, anaitazama kama wageni ambao hajui watakaa mpaka lini.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwake. Masomo yangu ya ufundi wa magari yaliishia njiani, kwa hiyo naruhusiwa kugusa magari ya ndugu peke yake.

"Shangazi, kabla hujaihukumu hiyo mikono, niache nilitazame gari."

"Usukani umeujaribu?"

"Mzito kweli. Lakini mikono yangu imezoea rimoti, si shahidi wa kutegemewa."

"Hapo umesema," akajibu, bila hata kujifanya ananitetea.

Nikafungua boneti. Injini ya Shangazi inang'aa kuliko vyombo vya kwangu. Nikakitafuta kile kikopo cha plastiki kinachowekwa mafuta ya usukani. Mafuta yenyewe hutakiwa kuwa mekundu na maangavu, kama dawa ya kikohozi ya watoto. Haya yalikuwa ya waridi, yamejaa povu, kama maziwa yaliyotiwa rangi. Kifuniko kilikuwa na ufa.

"Shangazi, injini huwa unaiosha?"

"Kila Jumamosi. Mpira wa maji na sabuni. Kitu kichafu hakiponi, mwanangu."

"Na hapa juu?"

"Hapo ndipo huwa naanzia."

Akainama, akanusa.

"Kumbe muda wote huu nalinywesha maji."

"Kwa mapenzi yote. Mafuta yakichanganyika na maji, pampu inasukuma povu, na povu halina nguvu ya kugeuza kitu."

"Kwa hiyo si mikono?"

"Labda," nikasema. Nilisema labda kwa sababu sikujua. Mafuta yanaweza kuharibika, na mikono nayo ikawa imechoka siku hiyo hiyo. Kimoja hakimfukuzi mwenzake.

Nikakimbia kwa muuza spea nikarudi na kifuniko kipya na makopo ya mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tukalipiga jeki mbele mpaka matairi yakaning'inia, nikaweka stendi za chuma chini, nikaweka jiwe nyuma ya tairi la nyuma. Nikamwomba kitu cha kufyonzea. Akaniletea bomba kubwa la sindano, lisilo na sindano yenyewe, kutoka kwenye sanduku lake la kazi.

"Limechemshwa," alisema.

"Shangazi, hili ni gari."

"Limechemshwa," akarudia.

Nikafyonza yale maji ya waridi. Nikauchomoa mpira unaorudisha mafuta kwenye kikopo, nikaziba tundu la kikopo, nikauelekeza mpira ndani ya chupa. Kisha nikamweka Shangazi nyuma ya usukani, injini ikiwa imezimwa.

"Mimi namimina mapya, wewe unageuza. Kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Polepole."

Akageuza. Matairi yakapepesuka hewani, mpira ukatema uchafu kwenye chupa. Kushoto, kulia. Jua lilikuwa limeingia uani kupitia majani, likatandaza vivuli juu ya kioo cha mbele, na kila upepo ulipopita vivuli vilirudi nyuma, hivi kwamba ukikodoa macho ungeapa gari linakwenda. Shangazi naye aliliona hilo. Nilimsikia anasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote:

"Hapa kwa fundi viatu, kushoto."

Akageuza kushoto.

"Barabara mbovu hii. Vumilia, mama, pumua. Hatuko mbali." Akageuza kulia. "Mvua imekata daraja, tunapitia juu. Usisukume bado, binti yangu, ngoja tufike penye tambarare."

Nikaendelea kumimina. Mafuta yalitoka ya waridi, yakaja ya waridi hafifu, huku Shangazi akipita mitaa ambayo siku hizi ina maghorofa, akisimama milangoni ambako hakuna tena mtu wa kufungua. Mara moja alicheka peke yake. Mara moja alisema, "Huyo hakulia, tulimsubiri," na mikono ikasimama kidogo kabla ya kuendelea. Jina langu mwenyewe sikulisikia, ila alipofika mahali fulani alikata kona taratibu mno, akasema mama yangu alikuwa mkaidi. Nikajua abiria ni nani.

Yalipotoka mekundu matupu, nilitaka kumwambia tumefika. Nikamwacha amalize safari.

Tukarudisha mpira, tukajaza kikopo, akageuza tena mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Tukalishusha gari. Hapo sasa ndipo ulipoanza mtihani wenyewe, maana likiwa juu kila usukani ni mwepesi, haihesabiki. Akawasha. Liliguna, likakohoa, kisha likatulia. Akaweka mikono yake miwili, akavuta kwa nguvu zile za kisimani, na usukani ukamponyoka kwa wepesi mpaka akayumba kitini.

Akaugeuza tena, safari hii kwa kiganja kimoja.

Mkaguzi akaingia uani, ameshushwa na pikipiki, kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani.

"Funguo ziko wapi, Mama?"

"Ziko kwenye gari. Na mimi niko kwenye gari."

"Mama, tulishaongea."

"Wewe uliongea. Panda."

Alinitazama kama mtu anayetaka kuniuzia bima, akapanda. Nikatembea nyuma yao mpaka kona ya ukuta wa shule, ile ya nguzo ya umeme ambayo hata madereva wa lori huitukana. Shangazi akaingiza kinyumenyume, akanyoosha, akatoka, bila kugusa hata kivuli cha nguzo. Nilipowafikia dirishani alikuwa anajikanda kidole gumba.

"Bado kinauma?" Mkaguzi akauliza, sauti yake imepungua.

"Kinauma. Sikusema hakiumi." Akakitikisa, akakirudisha kwenye usukani. "Siku kitakaposhindwa nitakwambia mimi mwenyewe. Sitangoja uje na kofia mkononi."

Mkaguzi aliitazama nguzo kwa muda. Alikuwa amekuja kwa pikipiki kwa sababu alipanga kurudi kwa gari.

"Basi nipeleke stendi ya mabasi," akasema.

"Funga mkanda kwanza," Shangazi akamjibu, na gari likaondoka bila kuguna.