Mlinzi wa Mbegu za Mtemi Hana

Damari hakuwa wa ukoo wa kitemi. Alizaliwa karibu na Kinampanda, akaolewa katika utemi wa Nkumbilo, akafiwa na mume kabla ya kutimiza miaka thelathini, na tangu hapo akawekwa ikulu kuwa mlinzi wa mbegu. Wageni waliiona kazi hiyo kuwa ndogo. Watu wa Nkumbilo hawakuiona hivyo, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kupanda hata punje moja kabla shamba la Mtemi halijapandwa, na shamba hilo lilipandwa kwa mbegu za kilindo kimoja tu, yaani pipa la magome ya mti lililosimama juu ya mawe matatu nyuma ya nyumba ya Mtemi.

Kila mavuno alichagua masuke makubwa ya mtama mwekundu, akayapura kwa mikono, akazipaka punje majivu ili wadudu wasiziguse. Mvua ilipokaribia alihesabu punje kumi, akazifunga katika kitambaa kibichi, na baada ya siku nne akahesabu zilizochipua. Zikiwa tisa au kumi, alimwendea Mtemi na kusema, "Mbegu ziko hai." Mtemi hakushika jembe kabla ya kuyasikia maneno hayo.

Katika miaka ninayoieleza, Mtemi alikuwa mwanamke. Mzee Mpinga hakujaliwa mtoto wa kiume. Alipoona kwamba hatapona aliwaita wazee, akamvika binti yake Hana kibangwa, lile duara jeupe la kombe ambalo watemi hulivaa kwenye paji la uso, akatamka kwamba kiti ni cha Hana mwenyewe, si cha mumewe, wala si cha kumshikia mtu mwingine. Wazee waliitikia, na serikali ya Kiingereza ikamwandika. Zefania, mdogo wa marehemu, aliitikia pamoja na wenzake; ila tangu siku hiyo, mahali ambapo wengine wote walisema "Mtemi", yeye alisema "mwanangu".

Mwaka 1949, mwaka wa tatu wa utawala wa Hana, njaa iliingia Nkumbilo. Damari alikuwa akimlea mjukuu wake Leah, mtoto wa miaka sita asiye na mama. Ni Leah huyo aliyenisimulia mengi ya haya akiwa mtu mzima. Miguu yake ilianza kuvimba. Watu walikwenda porini kuchimba mizizi, nao waliporudi mikono mitupu walikaa kimya vibarazani. Kilindo kilikuwa kimejaa. Adhuhuri moja, ikulu ikiwa haina mtu, Damari alifungua kifuniko, akachota bakuli moja, akaosha majivu, akasaga. Siku iliyofuata akachota tena. Alifanya hivyo hata akafika nusu ya kilindo. Leah akasimama kwa miguu yake.

Kisha lori la serikali lilileta chakula cha njaa Kinampanda. Ulikuwa mtama mweupe, mkongwe, wenye harufu ya magunia. Damari alipokea posho yake, akampa Leah kidogo, na sehemu kubwa akairudisha kilindoni juu ya mbegu zilizosalia. Yeye mwenyewe alishinda kwa maji. Aliupaka mtama ule majivu mengi, usitofautike na mwingine. Alijiambia kwamba mtama ni mtama. Hata hivyo, mwaka huo hakufunga punje kumi katika kitambaa, kwa maana aliogopa kuzihesabu. Mawingu yalipojikusanya alimwendea Mtemi, akapiga magoti, akasema, "Mbegu ziko hai."

Mvua ilinyesha vizuri kuliko ilivyokuwa imenyesha kwa miaka mingi. Mashamba yote ya Nkumbilo yalikuwa kijani. Shamba la Mtemi lilibaki udongo mtupu.

Zefania hakupaza sauti, alikwenda nyumba hadi nyumba akiuliza swali moja tu: "Ninyi mliopanda nyuma yake mmeota. Yeye aliyetangulia hakuota. Ardhi imemkataa nani?" Wazee sita walitia dole gumba katika barua ya kuomba Hana aondolewe na Zefania akalishwe kitini. Bwana Shauri, yule Mwingereza aliyetawala wilaya, alijibu kwamba atakuja kusikiliza shauri hilo barazani siku ya Alhamisi.

Alhamisi hiyo asubuhi Damari aliingia kwa Mtemi. Alikuwa amemwogesha Hana utotoni, na wakiwa peke yao Hana alimwita mama.

"Mtemi, nina neno."

"Mama, keti kwanza."

"Siwezi kuketi. Neno lenyewe linahusu kilindo."

Hana aliinua mkono. "Nyamaza. Nimelitazama shamba lile kila siku kwa wiki tatu. Unadhani sikufikiri? Usiniambie jambo ambalo nikishalisikia nitalazimika kulihukumu."

"Usiposikia, utapoteza kiti."

"Kiti ni changu. Nikikipoteza, nimekipoteza mimi. Nenda ukampikie Leah."

Damari alitoka. Sheria aliijua vizuri kuliko mtu yeyote: anayekula mbegu ya ikulu huvushwa mpaka, wala harudi hai wala maiti. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Kaburi la mumewe lilikuwa hapo, na la binti yake, mama wa Leah, lilikuwa hapo.

Barazani watu walikuwa wengi. Bwana Shauri alikaa mezani, Mtemi akakaa kwenye kigoda chake, kibangwa kikiwa kwenye paji la uso. Zefania alisema kwa upole kwamba hana chuki. "Mwanangu huyu nampenda. Lakini ng'ombe jike hawekwi mbele ya kundi penye simba."

"Mbona kwako jike ndiye anayetangulia kwenda kisimani, na dume lako hufuata nyuma?" aliuliza mzee Mathayo, jirani yake, na watu wakacheka. Tarishi akawanyamazisha.

Bwana Shauri aliuliza kama Mtemi ana la kujibu. Hana alisema, "Shamba halikuota. Sina sababu ya kueleza." Zefania akaitazama meza kama mtu ambaye chakula chake kimekwisha kutengwa.

Ndipo Damari alipopita katikati ya watu akiwa amebeba ungo wenye mafungu mawili ya mbegu, na mtungi wa maji kichwani. Alipiga magoti mbele ya Mtemi, si mbele ya meza.

"Fungu hili nimelichota juu ya kilindo, na hili chini," alisema, akazimwagia maji. Majivu yalitiririka. Fungu la chini lilikuwa jekundu. La juu lilikuwa jeupe.

Mathayo aliinama kulitazama. "Ni mtama wa serikali! Huu nimeutafuna mimi, na jino langu moja limebaki ndani yake."

Safari hii hawakucheka.

"Mbegu nilizila mimi na mjukuu wangu," alisema Damari. "Nikarudisha mtama huu. Kisha nikamwambia Mtemi kwamba ziko hai, hali sikuzijaribu. Ardhi haikumkataa mtu. Ilipewa hizi za juu, punje zilizokufa."

"Amefundishwa!" alisema Zefania.

"Nani angemfundisha mtu kujivusha mpaka?" aliuliza Mathayo. Wazee wawili kati ya wale sita walisema papo hapo kwamba wanaondoa dole gumba lao.

Bwana Shauri alifunga jalada lake. Alisema kwamba Mtemi anabaki kitini, na kuhusu mama huyu, kwa kuwa ilikuwa njaa na amesema kweli, faini ndogo yatosha. Alidhani ametenda wema. Lakini watu wote walikuwa wamemgeukia Hana, na Zefania kuliko wote. Kama Hana angekubali faini, kesho yake ingesemwa Nkumbilo nzima kwamba huyu anahukumu kwa moyo wa kike, na kwamba sheria ya baba yake imefia mikononi mwake.

Damari aliliona hilo. "Mtemi," alisema, "nangoja."

Hana aliitamka hukumu kwa maneno yale yale yaliyotumiwa na Mpinga, na kabla ya Mpinga na babu yake Hana, bila kuongeza wala kupunguza neno. Watu waliondoka, Bwana Shauri aliondoka, kivuli cha nyumba kikauvuka uwanja. Hana alikuwa bado ameketi pale pale.

Damari na Leah walivuka mpaka Jumamosi. Walifika Manyoni kwa jamaa ya marehemu mume wake, na karibu na stesheni Damari akauza uji kwa wapagazi wa reli. Habari za Nkumbilo hakutumiwa, wala yeye hakutuma. Aliyevushwa hana neno katika nchi aliyoiacha. Ila kila mwaka, kabla ya mvua, mchuuzi wa chumvi alimletea fundo dogo la kitambaa, asiseme limetoka kwa nani. Ndani mlikuwa na punje kumi za mtama mwekundu zenye majivu. Damari alikilowesha kitambaa kile kile, akangoja siku nne, akahesabu. "Tisa," alimwambia Leah. Au, "Kumi. Mlinzi mpya anajua kazi."

Mwaka 1957 zilichipua sita.

Alizihesabu tena. Alizinusa, zilinuka moshi. "Mlinzi amekisogeza kilindo karibu na moto," alisema. "Zinakaushwa mno. Karibu nusu hazitaota, na Zefania bado yu hai."

Leah alikuwa na miaka kumi na minne. Alisimama. "Bibi, nitakwenda mimi. Mimi sikuvushwa. Hukumu ilikuwa yako."

Damari alimshika mkono, akamketisha.

"Wewe nawe ulizila, mjukuu wangu," alisema.

Alizitenga punje nne zilizokufa, akazifunga katika kitambaa ili aliyezituma azihesabu, akatoka kwenda stesheni kumtafuta mchuuzi wa chumvi kabla hajaondoka.