Mkunjo wa Mzee Kola

Chumba cha dobi kilikuwa na milango miwili: mmoja wa kuingizia nguo chafu, mwingine wa kutolea safi, na ole wako upite na fulana yako ya jasho kwenye mlango wa nguo safi. Mwenye chumba aliitwa na wateja wake Mzee Kola, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Suruali angeweza kukukosea, koti pia siku akiwa na haraka, lakini kola ya shati iliyopita mikononi mwake ilisimama wima hata mwenye shati akalazimika kutembea kichwa juu, ijapokuwa siku hiyo amefukuzwa kazi.

Alikuwa dobi kwa miaka thelathini na miwili. Meza yake ilitandikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka nyeupe. Kando kulikuwa na kopo la kunyunyizia maji, ambalo kifuniko chake alikitoboa mwenyewe kwa msumari. Pasi zilikuwa mbili, ya umeme kwa siku za kawaida na ya mkaa kwa siku ambazo umeme umekwenda kutembea. Kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi ndani ya kola. Mishono miwili myekundu ni mwalimu mstaafu wa nyumba ya jirani, mmoja wa kijani ni muuza bima, na kadhalika, alama mia mbili na ushee, zote kichwani. Hajawahi kumpa mtu suruali ya mwenzake. Mara moja tu, nayo tusiizungumze, maana mpaka leo inamuuma.

Na alikuwa na mkunjo. Madobi wote hukunja mashati, lakini huu aliubuni mwenyewe: mikono ya shati huenda nyuma na kupishana, kama ya mtu aliyefungwa pingu, chini ya kola hupita ukanda wa gazeti, upana wa vidole viwili, na kifungo cha pili kutoka juu huachwa wazi, "ili shati lipumue." Ukimuuliza shati linapumuaje, atakujibu kwamba wewe hujakaa na mashati. Mkunjo huo alimfundisha mtu mmoja tu duniani, mwanawe wa pekee, alipokuwa na miaka tisa, siku za mvua ambapo nguo hazikauki na dobi hana la kufanya. Mtoto aliushika kwa siku mbili. Baba yake alifurahi mpaka akaogopa.

Aliogopa kwa sababu hakutaka mwanawe awe dobi. Mtoto alipoanza sekondari, alimwondoa mezani. "Mikono yako ni ya kalamu," alimwambia. "Sabuni niachie mimi." Na kila mteja aliyeingia alihubiriwa hayohayo: mwanangu hatashika pasi, mwanangu atakaa kwenye kiti cha kuzunguka. Akafua, akapiga pasi, akamsomesha mpaka chuo, na kijana alipopata kazi katika ofisi ya hoteli kubwa upande wa pili wa mji, Mzee Kola alivimba kichwa mwezi mzima. Kiti cha kuzunguka kilitajwa mara nyingi mno, hata mwalimu mstaafu akauliza kama nacho kimeajiriwa.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Kijana alikuwa akija kuwasalimu wazazi wake kila Jumapili, na ghafla akaanza kuja na mashati kama yaliyotolewa mdomoni mwa ng'ombe. Makunyanzi mgongoni, makunyanzi mikononi, kola imelala. Mtoto wa Mzee Kola! Wateja walimwona, wakatazamana. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, isiyokuwa ya chini sana, kwamba kinyozi hajinyoi.

"Lete nikunyooshee, dakika mbili tu," baba yake alimwambia kila mara.

"Acha tu, baba. Liko sawa."

"Liko sawa wapi?"

"Mimi nalipenda hivihivi."

Hakuna mtu anayelipenda shati hivyo, na Mzee Kola alijua. Aliwaza na kuwazua huku pasi ikienda na kurudi, akapata jibu moja tu: mwanangu ananionea haya. Amekaa na wakubwa, sasa hataki mkono wa dobi uguse nguo yake. Jumapili moja, mbele ya wateja watatu, uzalendo ulimshinda. Alimshika kijana shati, akamwambia, "Vua."

Kijana akarudi nyuma. "Siwezi, baba."

"Kama unanionea haya, sema. Na mlango unaujua."

Kijana akatoka. Tena akatokea mlango wa nguo safi.

Miezi miwili ikapita bila kijana kukanyaga pale. Alimpigia simu mama yake tu, na simu ikilia Mzee Kola alijifanya anatafuta kopo.

"Mpigie wewe," mkewe alimwambia.

"Mimi ndiye baba."

"Ndiyo maana nasema mpigie."

"Yeye ndiye mtoto. Atapiga yeye."

"Haya, kaeni hivyohivyo. Mmoja kichwa kigumu, mwingine kichwa cha baba yake. Mimba nibebe mimi, na sasa nimegeuzwa mlingoti wa simu."

Ukweli ni kwamba hamu ya mwanawe ilikuwa inammaliza Mzee Kola. Hofu yake ilikuwa moja, kwamba amemfukuza na hatarudi tena. Kila Jumapili aliisogeza meza ya pasi kidogo ili aione barabara vizuri. Mkewe aliiona meza inavyosogea.

Jumatatu moja muuza bima alileta mfuko wa nguo. Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku tatu, na kampuni yake iliwalaza katika hoteli ileile anakofanya kazi kijana.

"Huduma ya kule, mzee, usiseme," alijisifu kana kwamba hoteli ni yake. "Unatoa shati asubuhi, jioni linarudi limekunjwa. Hilo hapo juu sikulivaa hata."

Mzee Kola alilitoa shati ili aliweke kando na yale machafu. Akalitazama. Mikono ilikuwa nyuma, imepishana. Akapitisha kidole chini ya kola: gazeti, vidole viwili. Kifungo cha pili kilikuwa wazi. Akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Vipi, mzee? Kuna doa?"

"Nani amelikunja hili?"

"Nitajuaje? Watu wao wa kufua."

Mzee Kola aliunganisha mambo kwa namna yake, akapata jibu baya kuliko la kwanza. Kumbe mwanawe, afisa mzima, amewapa watu wa hoteli mkunjo wa baba yake! Shati lake mwenyewe hataki liguswe, lakini akili ya baba ameigawa bure kwa watu baki, na pengine kapandishwa cheo kwa hiyo. Alifunga milango yote miwili mchana kweupe, akavaa shati lake la harusi, akamwambia mkewe anakwenda kununua sabuni.

"Na shati la harusi?"

"Ni sabuni ya maana."

Ndani ya basi alipanga maneno. Mpaka anashuka alikuwa nayo ya kumtosha mtu mwaka mzima. Akazunguka hadi lango la nyuma la hoteli, akamkuta mlinzi amekaa na redio.

"Shikamoo, mzee. Tukusaidie nini?"

"Marahaba. Namtafuta mwanangu. Ni afisa, yuko ofisini."

Mlinzi alimkagua toka juu hadi chini. "Mwanao si yule wa kufulia? Mmefanana mpaka mwendo. Pita, mlango wa tatu, fuata mvuke."

"Wa ofisini," Mzee Kola alisahihisha.

"Mlango wa tatu, mzee."

Alikuta mashine kubwa zenye milango ya vioo, mashuka yakizunguka ndani yake, na mvuke uliojaa chumba kizima. Watu waliovaa aproni nyeupe walisukuma vikapu vya taulo. Katikati yao, miguuni buti za mpira, mikono ya shati imekunjwa, alisimama mwanawe mbele ya meza ya pasi, akimwelekeza msichana mmoja.

"Kola unaanzia nchani kuja katikati," alikuwa akisema. "Ukianzia katikati utayasukuma makunyanzi yote nchani, na ncha ndiyo inayotazamwa na watu."

Yalikuwa maneno ya Mzee Kola, neno kwa neno, mpaka na kikohozi kidogo cha mwishoni. Yale aliyoyapanga ndani ya basi yalimtoka yote kichwani. Kijana aliinua macho, akamwona baba yake mlangoni, akaganda na pasi mkononi, juu ya shati.

"Unaunguza!" baba yake alipiga kelele.

Kijana akainyanyua pasi haraka. Basi hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kati yao baada ya miezi miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Napiga pasi."

"Naona. Kiti kiko wapi?"

Kijana alimpeleka kando, karibu na mashine, wakasimama kati ya vikapu, yeye akiloweka taulo kwenye beseni la sabuni huku akiongea. "Kiti nilikikalia miezi minne," alisema. "Dirisha langu lilikuwa linatazama huku. Kila siku naona mashati ya wahudumu yanapita, kola zimelala. Barua nikawa siwezi kuandika, baba. Nikaomba nihamishiwe huku, wakanicheka. Sasa mimi ndiye mkuu wa hapa, watu kumi na wanne wako chini yangu. Na kazi hii naipenda. Ndiyo hivyo, nimesema."

"Na yale mashati ya Jumapili?"

Kijana aliinamisha kichwa, kicheko kikamponyoka. "Nilikuwa nayafinyanga kwenye mfuko kabla sijashuka kwenye basi. Ningekuja na shati lililonyooshwa, ungetazama kola mara moja tu, ukaujua mkono. Hata lililofinyangwa, ungelishika mezani ungeujua."

"Ningeujua," Mzee Kola alikubali.

"Si ndiyo hapo."

"Yaani ulikuwa unapiga pasi, halafu unafinyanga? Mashati mazima?"

"Roho iliniuma kila Jumapili, baba."

Mzee Kola nusura acheke, lakini kidonda kilikuwa bado kibichi. "Mimi nilidhani unanionea haya," alisema.

Kijana aliacha kucheka. "Mimi? Baba, tangu nina miaka kumi na tatu, kila anayeingia pale unamwambia mwanao hatashika pasi. Mimi niko nyuma ya pazia nafanya kazi za shule, nasikia. Ulinitoa mezani kama vile pale mezani pana ugonjwa. Kazi niliyoiona nzuri kuliko zote, mwenyewe anasema si ya watu. Sasa nani anayeionea haya? Ni mimi?"

Mzee Kola alikuwa mtu wa majibu, wateja wake wote watakuambia, lakini hapo aliitazama mikono yake, yenye alama za pasi za miaka yote hiyo. Ilikuwa kweli. Amewasimamishia kola watu wa mtaa mzima, na yeye mwenyewe kila alipomsifu mwanawe alikuwa akiitukana mikono hii. Ilimuuma, tena ilimuuma zaidi kwamba ameambiwa na mtoto, na mtoto hakukosea. Akasema jambo ambalo wazee wa rika lake hulimeza na kwenda nalo kaburini.

"Nisamehe, mwanangu."

"Unasemaje?" kijana aliuliza, kwa kuwa mashine ilikuwa inaunguruma sikioni.

"Nasema nisamehe!"

"Sikusikii, baba!"

"NISAMEHE, MWANANGU!" Mzee Kola alifoka, na sekunde hiyohiyo mashine ikamaliza kazi yake na kuzima. Watu kumi na wanne waligeuka. Taulo moja ilianguka. Kijana alimkumbatia baba yake kwa mikono yenye povu, shati la harusi likalowa mgongo mzima, na Mzee Kola, ambaye hajawahi kuruhusu tone la maji liguse shati hilo, alimshika vilevile mwanawe wala hakumwachia upesi.

"Mkubwa," yule msichana wa pasi aliuliza, "huyu ndiye mwenye mkunjo?"

"Ndiye."

Basi wakamzunguka. Alitembezwa kila mahali, akaambiwa kila mashine inafanya nini, akasema wanga wanatia mwingi mno na kwamba shati si ubao. Walitegemea ataondoka. Hakuondoka. Walipiga pasi mashati kumi na moja, baba upande huu wa meza na mwana upande ule, mpaka saa ya kutoka ikafika.

Jioni walisimama pamoja kwenye kituo cha basi.

"Mama tutamwambiaje?" kijana aliuliza.

"Utamwambia wewe. Mimi anajua nimekwenda kununua sabuni."

"Na wateja wako je?"

Kwa Mzee Kola huo ndio ulikuwa mlima. Mtaa mzima umelishwa habari za afisa na kiti chake, na sasa yeye mwenyewe inabidi aende kuzitapika, mbele ya mwalimu mstaafu, ambaye hasahau kitu. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kwenye benchi alikaa bwana mmoja na mfuko wake, hawajuani hata kidogo. Mzee Kola akajikaza kisabuni, akamsogelea.

"Ndugu yangu," alisema, "huyu ni mwanangu. Ni dobi. Ni dobi kuliko mimi."

Kijana aligeuka upande wa barabara, akajifanya anatafuta basi, huku akipangusa macho kwa mkono wa shati. Yule bwana aliwatazama wote wawili, mmoja amelowa mgongo, mwingine ana buti za mpira.

"Hongereni," alisema. "Hivi, mnafua na mapazia?"

"Tunafua," walijibu wote wawili kwa pamoja.